Mafuta ya Macho Niliyojipaka Mashavuni

Dawa iliyoniponya uso haikuwa yangu. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma mapema. Habari za ugonjwa humfanya mgonjwa aonekane mwema, na mimi sikuwa mwema. Niliugua chunusi kwa miaka sita, nikapona, na katikati ya kuumwa na kupona nililipiza kisasi. Nakuandikia wewe kijana uliyeanza kukwepa kioo. Yatakayokusaidia yamo humu, lakini ukiyataka itabidi upokee na haya mengine.

Usidhani nasemea vipele viwili vitatu vya ujana. Zangu zilianza nikiwa kidato cha tatu, na nilipomaliza shule zilikuwa vinundu vyekundu ukubwa wa punje ya harage, vyenye moto ndani, mashavuni, shingoni na mgongoni. Viliiva na kupasuka vyenyewe nikiwa nimelala. Asubuhi foronya ilikuwa imegandia shavuni. Mama alikuja na bakuli la maji ya uvuguvugu, akailowesha kidogo kidogo, akaibandua pasipo kuvuta, akaenda kuichemsha. Alikuwa na foronya mbili tu, moja kichwani kwangu na nyingine kambani, na hakuwahi kulalamika hata wakati wa baridi ya mwezi wa sita, ambapo nguo kwetu haikauki siku mbili. Kunyoa ndevu niliacha. Kola ya shati ilikuwa adui. Kucheka kulipasua ngozi, hivyo nikajizoeza kutocheka, na ukijizoeza hivyo muda mrefu, tabia nayo hufuata.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Limau, majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa. Nilijaribu zote, na ya mafuta ya taa ilinichubua nikashinda ndani juma zima. Baba alikuwa na dawa moja tu.

"Oa," alisema. "Damu ikipata pa kwenda itatulia."

"Nani atakubali uso huu, baba?"

"Mwanamke haolewi na uso."

Alisema hivyo huku akitazama pembeni. Nyumbani tulinawa mikono katika bakuli moja kabla ya kula, tukianzia mkubwa. Mimi ni kifungua mimba. Siku moja niliona mdogo wangu wa kike anangoja kwanza nimalize, kisha anakwenda nje kunawa kwa maji ya kata. Sikumsema. Kuanzia siku hiyo nikawa nanawa wa mwisho kwa hiari yangu, na hakuna aliyenizuia. Mama peke yake ndiye aliyeinamisha macho.

Hiyo ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka vitongoji vyetu vilivyotawanyika, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara iendayo Matai, nyumba ikitazama mgongo wa nyumba. Kwa kuwa nilikuwa nimefika kidato cha nne, nilifanywa katibu wa kijiji. Niliandika barua, nilisoma majina asubuhi, nilipanga nani akalime shamba la kijiji na nani akafyatue matofali ya shule. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na watu wazima walisimama mbele yangu wakiwa wameshika kofia. Niliwaangalia nikijua wanachokiangalia wao.

Sasa nije kwa Silvesta. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu kwa babu zetu. Asiyeishi na utani hawezi kujua uzito wake. Mtani ana ruhusa ya kukuita mwizi mbele ya mkweo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Unachotakiwa ni kumrudishia, kikali zaidi, watu wacheke, yaishe. Aliyekasirikiwa na mtani hana kesi. Anayemkasirikia mtani ndiye mwenye kesi.

Ilikuwa siku ya kufukia majani. Wafipa tunalima ntumba, matuta ya duara tunayoyafukia majani mabichi ndani yaoze, na siku ile kijiji kizima kilikuwa kimeshinda kwenye shamba la ujamaa tangu asubuhi. Jioni wanawake wakatoa pombe ya ulezi. Watu walikaa kwenye majani, nami nikapita na orodha ya kazi za kesho. Jua lilinipiga moja kwa moja usoni. Silvesta akasimama, akaweka mkono juu ya macho kama anayetazama mbali.

"Jamani!" akapaza sauti. "Nani ameanika ulezi usoni kwa Katibu? Auanue, mvua inakuja!"

Mzee mmoja alicheka mpaka pombe ikammwagikia. Silvesta hakuishia hapo.

"Pita tu, Katibu, usiogope. Kuku wote wa kijiji tumewafungia."

Pale walikuwapo watu mia na zaidi. Aliyeniumiza ni mmoja, Yustina, binti aliyekaa karibu na mtungi. Yeye hakucheka wazi. Aliziba mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yakamtikisika. Yustina sikuwahi kumposa. Sikuwahi hata kumsalimia bila kugeuza shavu. Lakini kila kijiji kilipokutana nilijua amekaa wapi.

Silvesta alikuwa na matege. Ningesema tu kwamba juzi mbuzi na watoto wake wawili wamepita katikati ya miguu yake wakidhani ni lango, wote wangecheka, yeye wa kwanza, na angenipa pombe kutoka kwenye kibuyu chake. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni. Nikayameza. Nikakunja orodha nikaondoka, na nyuma yangu nikasikia kicheko kinakatika ghafla, kwa sababu watu walikuwa wameona katibu amekasirikia mtani.

Mama alikuwa amesikia kabla sijafika nyumbani.

"Silvesta ni mtani wako," aliniambia. "Neno la mtani haliwekwi moyoni."

"Nimelisikia, mama."

"Sikuulizi kama umelisikia. Nakuuliza umeliweka?"

Nilikuwa nimeliweka. Kesho yake nilimpangia kuchimba vyoo vya shule, kipindi ambacho juu kulikuwa na tope na chini mwamba. Wiki iliyofuata, vyoo tena. Alichimba akicheka. "Katibu ananipenda," aliwaambia wenzake nikiwa nasikia. "Hataki niwe mbali na mavi yake." Watu wakaangua kicheko, na mimi nikamwongezea wiki ya tatu. Baada ya mavuno akamwoa Yustina. Siku ya harusi nilisema kichwa kinaniuma, nikabaki ndani nikijibonyeza vinundu kwa kucha mbele ya kipande cha kioo hadi damu ikatoka, na kila kilichopasuka nilikiita kwa jina la Silvesta. Makovu marefu niliyo nayo kwenye taya ni ya siku hiyo. Hayakutokana na ugonjwa. Niliyafanya mwenyewe. Kijana, usikamue.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, niliomba ruhusa nikapanda lori la maharage hadi Sumbawanga, nikafikia kwa ndugu yetu mtaa wa Katandala. Hospitali ilikuwa na mabenchi mawili marefu nje, na watu waliyajaza tangu alfajiri. Nilikaa mwisho wa benchi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinigeukia, akanitazama, akauliza kwa upole kabisa, "Kaka, hiyo si ndui?"

"Si ndui, dada."

"Haya." Lakini alisimama, akahamia benchi jingine, na wawili wakamfuata. Akabaki mzee mmoja asiye na meno, aliyekuwa akimenya muhogo wa kuchemsha. Alikata kipande, akanipa kwa mkono wake, akasema, "Sasa tuna nafasi ya kunyoosha miguu." Tulinyoosha. Siku hiyo haikufika zamu yangu, wala siku ya pili. Mzee yule simjui jina mpaka leo, ila nikimkumbuka huwa nasikia utamu wa muhogo.

Siku ya tatu niliingia kwa mganga msaidizi, mtu wa Mbeya, tuliyemwita Bwana Mwasenga. Alinishika kidevu kwa vidole vitupu, akaugeuza uso wangu kwenye dirisha. Ukiacha mama, hakuna mtu aliyekuwa amenigusa uso kwa miaka minne. Nilitokwa na machozi kabla hajasema neno.

"Inauma?"

"Hapana."

"Basi lia, mimi nina muda. Umeoa?"

"Bado."

"Najua wamekwambia ukioa zitapona." Akacheka. "Mimi nina watoto watano. Ungeuona mgongo wangu!"

Akafungua kabati, akatoa tyubu nne ndogo. Nilisoma maandishi, nikamwambia hii ni tetrasaiklini ya macho.

"Ndiyo, ni ya macho. Ya ngozi huku haifiki. Lakini wadudu wa usoni hawajui kusoma kilichoandikwa kwenye tyubu." Kisha akaacha mzaha. "Nawa kwa sabuni ya kawaida, usisugue. Asubuhi na jioni, nyembamba, siyo kama siagi. Usikamue hata kimoja. Usitegemee kitu kabla ya miezi miwili, na usiache katikati. Zikiisha, uje kwangu."

Kuanzia hapo nilihesabu muda kwa tyubu. Tyubu ya kwanza iliisha baridi ikianza, na haikunipa chochote isipokuwa mng'ao wa manjano na vumbi la barabarani lililonasa kwenye mafuta. Nilitaka kuacha. Tyubu ya pili ilikuwa ya mwezi wa saba, upepo ule wa uwanda wa juu unaopasua midomo, na moto ndani ya vinundu ulianza kupungua, ingawa kwa macho huoni tofauti. Katikati ya tyubu ya tatu, asubuhi moja, mama alikuja na bakuli lake la maji ya uvuguvugu, nikainua kichwa, na foronya ikabaki kitandani. Haikuwa imeganda. Mama aliishika, akaigeuza pande zote mbili, akakaa kwenye kigoda. Maji yale alininawisha nayo mikono.

Hapo niseme neno moja kwa walio kwenye matibabu sasa. Wajukuu wangu nao wanapata chunusi, na hospitali wanapewa dawa za ngozi zenyewe, na ile ya kuua wadudu hawapewi peke yake, hupewa pamoja na nyingine, kwa maelezo kwamba ikitumika peke yake kwa muda mrefu wadudu huizoea. Kwa hiyo usichukue tyubu ya macho ukaiga mimi. Kitu cha kuiga ni kungoja tu. Miezi miwili ya kutoona kitu ni sehemu ya dawa.

Tyubu ya nne ilipoisha nilirudi Sumbawanga. Bwana Mwasenga alikuwa amehamishwa, na kabati lilikuwa tupu. "Njoo mwezi ujao," aliniambia aliyekaa kwenye kiti chake. Nilikwenda mwezi uliofuata, akaniambia hivyo hivyo. Miaka ile vitu vilikosekana, na hukujua umlaumu nani. Nusu ya uso wangu ilikuwa imetulia. Kisha ubavuni mwa pua nikahisi moto mmoja mdogo, ule ninaoujua, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa mwanzo, kwa sababu mwanzo sikuwa na cha kupoteza.

Kijijini tulikuwa na zahanati ya vyumba viwili na nesi mmoja, Mama Leokadia. Nyumba zilikuwa zimebanana, inzi walikuwa wengi, na watoto wengi waliugua macho, kwa hiyo wilaya ilituletea boksi la tyubu zile zile. Zilikuwa tisa. Mimi kama katibu nilikuwa na ufunguo wa pili wa kabati. Siku Mama Leokadia alipokwenda shambani kwake nilifungua nikachukua moja. Nilijiambia nitairudisha zikija hospitali. Baadaye nikachukua nyingine, kisha nyingine. Yeye aliwapaka watoto watatu kwa tyubu zake tatu, na aliponiuliza mbona kabati limepungua haraka, nilimwambia mgeni kutoka wilayani aliomba kwa ajili ya kijiji cha jirani. Mvua zilipoanza nilikuwa na uso unaoweza kuutazama, na tyubu tatu zilizobaki kwenye sanduku langu chini ya kitanda. Nilizihamishia huko nikijua kabisa ninachofanya.

Mwezi huo Yustina alijifungua mtoto wa kike. Walimwita Apolinaria.

Alikuwa na siku sita Silvesta alipokuja nyumbani kwangu. Ilikuwa asubuhi, mvua inanyesha. Alipiga hodi, akabaki mlangoni akichuruzika maji.

"Katibu, mtoto macho yameziba. Tangu juzi. Usaha unatoka, ukifuta unarudi. Nesi amekwenda Matai kuchukua chanjo na mto umejaa, hawezi kurudi. Wanasema wewe una ufunguo."

"Ufunguo ninao. Dawa ndiyo hakuna."

"Hata iliyobaki kidogo?"

"Zimekwisha zote."

Alijipangusa maji usoni. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Katibu, leo sitanii."

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo karibu miaka miwili. Nilikuwa nimeiwaza nikichota maji, nikiandika barua, nikinawa uso kwa sabuni bila kusugua. Sanduku lilikuwa hatua nne nyuma yangu.

"Mbona hucheki, Silvesta?" nikamwambia. "Kijiji kizima kinangoja ucheke."

Akageuka akakimbia kwenye mvua na yale matege yake, tope likimrukia mgongoni. Nitasema kweli, maana sina sababu tena ya kuficha. Nilifurahi. Mchana ule nilikula ugali wa ulezi na maharage nikashiba, nikaomba mama aniongezee, naye akafurahi kuniona ninakula. Siku ya pili nilifurahi pia, kidogo kidogo. Nilisikia mtoto analia nyumba ya tatu kutoka kwetu na nikajiambia mtoto hulia.

Siku ya tatu aliingia Yustina bila hodi. Mvua ilikuwa imekatika. Mtoto alikuwa amefungwa kifuani, kichwa kimefunikwa na kanga.

"Niandikie barua," alisema. "Lori la ushirika linapita kwenda Sumbawanga. Dereva hampakii mtu bila barua ya katibu."

Nilikaa mezani karibu na dirisha nikaanza kuandika. Alisimama juu yangu. Nilikuwa nimejipaka si muda mrefu, na mwanga wa dirishani ulikuwa upande wa shavu langu.

"Nini hicho usoni?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

Niliendelea kuandika. Aliinama, akanusa. Mwaka uliotangulia yeye ndiye aliyekuwa akimpaka mama yake macho kila jioni. Aliijua rangi ile na harufu ile kuliko mimi. Nilingoja kelele, ningeziweza. Hakupiga kelele. Alinyoosha kidole cha shahada, akakipitisha shavuni kwangu, kuanzia chini ya jicho hadi kwenye taya, taratibu, kama mtu anayekomba chungu. Kisha akafunua kanga, akaachanisha kope za mtoto kwa mkono mwingine, akampaka. Nililiona jicho lile. Halikuonekana kama jicho. Akarudi shavuni kwangu, upande wa pili, akakomba tena, akampaka jicho la pili.

Kidole chake kilikuwa kimepita juu ya vipele viwili ambavyo bado vilikuwa na usaha. Niliona. Sikusema kitu. Nilikuwa nimeshika kalamu, na wino ulikuwa unadondokea barua.

"Nyingine ziko wapi?" aliuliza.

Nilipiga magoti, nikavuta sanduku. Alichukua tyubu zote tatu na ile barua yenye doa, akatoka.

Walikaa Sumbawanga wiki tatu. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilifunikwa na utando mweupe na halikuona tena. Kama ningefungua sanduku siku ile ya kwanza, lingepona? Nimeuliza waganga watatu kwa nyakati tofauti, nikijifanya naulizia habari ya mtu mwingine. Mmoja alisema ndiyo. Wa pili alisema ugonjwa wa namna ile kwa mtoto mchanga hauponi kwa mafuta peke yake, ulihitaji sindano. Wa tatu aliniuliza kwa nini nataka kujua. Na habari ya usaha wa kwenye kidole sijamuuliza yeyote.

Uso wangu ulikauka wenyewe. Vipele vile viwili vilinywea kabla Yustina hajarudi kijijini. Miaka sita nilikuwa nimeomba uso safi, na uliponijia mama aliacha kuniuliza unaendeleaje. Alijua. Kijiji kizima kilijua.

Silvesta aliporudi nilikaa ndani nikimsubiri. Nilidhani atakuja na fimbo, na nilitaka aje. Nilimkuta njiani kesho yake, akaweka jembe chini, akasimama wima.

"Habari za kazi, Ndugu Katibu," akasema.

Akachukua jembe akapita. Hakunipiga, hakunishitaki popote, hakunitukana. Aliniondolea utani. Kuanzia siku hiyo aliniita Ndugu Katibu kwa adabu kamili, na ukoo wake wote ukafuata, hadi watoto. Nilipopita mahali wanapocheka, kicheko kilinyamaza na watu wakanisalimia. Mwanzoni niliona nimeshinda. Kisha nikaghadhibika upya, nikampangia vyoo tena, ili tu aseme neno. "Sawa, Ndugu Katibu," akasema, akachimba, akamaliza. Nilipita pale nikampa nafasi, nikamwambia mwenyewe, "Angalia mbuzi wasipite hapo katikati ya miguu." Wenzake waliinamisha vichwa. Yeye alinitazama kama anayemtazama mgeni aliyepotea njia, akasema, "Ndiyo, Ndugu Katibu."

Mama yangu alipofariki ndipo nilipojua kisasi cha Silvesta kilivyo kirefu. Kwetu msiba ni wa mtani. Yeye ndiye huvaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake, akalala kaburini akidai alipwe ndipo atoke, hadi waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka na donge linalainika. Mama alikuwa na mwendo wake wa kukimbiakimbia na bakuli mkononi. Mtani yeyote angeuiga watu wakazimia kwa kicheko. Silvesta alikuja wa kwanza. Alichimba kaburi. Alibeba jeneza. Alikaa siku zote tatu, kanyamaza, na watu wake wamenyamaza pamoja naye. Tulimzika mama bila kicheko hata kimoja, na dada yangu, yule aliyekwenda kunawa nje, alinigeukia mbele za watu akasema, "Haya ni yako wewe, siyo ya mama."

Niliacha ukatibu nikahamia mjini, Milanzi, nikafanya kazi za karani hadi kustaafu. Nilioa, nina watoto. Silvesta alifariki, kisha Yustina, na sikwenda kwenye misiba yao, kwa sababu nisingejua nikakae upande gani.

Nilijua siku nyingi kwamba Apolinaria anashona nguo za shule Katandala. Mwaka jana, mvua zilipoisha, nilikwenda kwa miguu. Alikuwa peke yake kwenye cherehani, mama wa watu wazima sasa, kichwa amekiinamisha upande mmoja ili jicho la kulia liione sindano.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unanifahamu?"

Aliinua kichwa. "Wewe ni Ndugu Katibu. Baba alitukataza kukutania. Hakusema kwa nini."

"Na mama yako?"

"Mama alisema nilizaliwa na macho mabovu. Basi."

Nilimweleza yote. Nilimweleza uso wangu ulivyokuwa, maneno ya baba yake, kabati, sanduku, hatua nne. Nilimweleza niliyomwambia baba yake mlangoni. Nilimweleza kidole cha mama yake na vilivyokuwa chini ya kidole. Hakunikatiza. Mashine ilikuwa imesimama, mkono wake juu ya gurudumu. Nilipomaliza sikumwomba msamaha, maana nilikuwa nimeapa njiani kwamba sitamtwika hilo. Kisha nikashindwa, nikamwomba.

Aliondoa mkono kwenye gurudumu.

"Na uso ulipona?" aliuliza.

"Ulipona."

"Sogea mlangoni, kwenye mwanga."

Nilisogea. Alitoka nyuma ya cherehani, akanishika kidevu, akanigeuza. Alinitazama kwa jicho lake moja, shavu la kulia, paji, pua, shavu la kushoto, taya, bila haraka, kama anayekagua mshono wa mtu mwingine. Nilisikia pumzi yake.

"Kweli," alisema. "Umepona vizuri."

Akarudi akakaa, akaingiza kitambaa chini ya sindano, akaanza kukanyaga. Hakuniambia niondoke wala nikae. Nilisimama pale mlangoni, jua likinipiga usoni, hadi alipomaliza shati lile na kuchukua jingine.